Matone ya Mama Mdogo

Mshauri mpendwa, nishike mkono, nimefika mahali sijui nimsikilize nani.

Mimi ni fundi cherehani, nina mume na watoto wawili, na tangu nimzae huyu wa pili nilikuwa naamka nimechoka kuliko nilivyolala, na shingoni nikaota kauvimbe ambako mume wangu alikatania kuwa nimemeza limau. Mama mdogo, ndiye aliyenilea mama alipofariki, anauza virutubisho, akaniletea kichupa cha matone ya iodini, yale madini joto, akasema, "Mwanangu, tezi yako ina njaa. Ukiilisha, nguvu zitarudi, homoni zitakaa sawa, na mtoto wa tatu atakuja mwenyewe." Nikanywa, na sikudanganyi, mwanzoni nilipata nguvu za ajabu, nikafua mpaka mapazia, nikawa nashona huku naimba, mume akasema amerudishiwa mke wake, kumbe balaa ndiyo kwanza linaanza, maana moyo ukawa unadunda nikiwa nimekaa tu, jasho linanitoka wenzangu wamevaa masweta, nakula kama mchimba mitaro na bado nguo zinanipwaya, hedhi imepotea, na nafoka kwa jambo dogo mpaka wanangu wakisikia nafungua mlango wananyamaza. Nikamwambia mama mdogo, akanijibu, "Hiyo ni sumu inatoka, ongeza matone." Nikaongeza.

Juzi nikiwa nashona gauni la bibi harusi mikono ikatetemeka, sindano ya mashine ikanipita kidoleni, damu ikaruka kwenye kitambaa cheupe, na mwenye gauni yuko hapo hapo amekuja kujipima, akaangua kilio. Tajiri wangu hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma, alisema tu, "Dada, toka kwenye mashine," na sasa nafagia vipande vya nguo mbele ya mafundi niliowafundisha mwenyewe. Mume wangu anataka twende hospitali, mama mdogo anasema nikienda nitakuwa nimemwanika mbele ya wateja wake, mimi niliyekula sahani moja naye, sasa nifanyeje, nimkose mama mara ya pili?

Fundi niliyeshikishwa ufagio

JIBU

Pole sana, fundi. Barua yako sikuiacha isubiri zamu yake gazetini. Nilipiga namba uliyoiandika chini. Akapokea mumeo. "Tuko wodini," alisema. "Alianguka kazini. Moyo unakwenda mbio, wanajaribu kuutuliza." Nikamwomba akachukue kichupa nyumbani, madaktari wakione. Akaenda.

Kwa hiyo nakujibu ukiwa kitandani, na bado sitakubembeleza. Mwili wako ulipiga kelele, nawe ukauongezea kile kile kinachouumiza. Iodini si adui. Tezi ya shingoni huitumia kutengeneza homoni zinazoendesha moyo, joto na nguvu za mwili. Ikipungua, mtu huchoka. Ikizidi, hasa kwa mwenye uvimbe kama wako, tezi inaweza kumwaga homoni kama bomba lililopasuka. Kwa wengine tezi huzubaa, ikaacha kabisa kufanya kazi. Watu wengi hutoshelezwa na ile iliyomo kwenye chumvi ya jikoni. Na uchovu una sababu nyingi, kuanzia upungufu wa damu mpaka huzuni. Ulipaswa kupimwa damu kabla ya tone la kwanza. Ile siku ya mapazia hukuwa umepona, mama. Ulikuwa unaungua.

Sasa nisikilize. Matone hayo usiyaguse tena. Dawa za hospitali meza kama ulivyoelekezwa, rudi kupimwa hata ukijisikia mzima, na habari ya mtoto wa tatu iweke kando mpaka daktari aseme. Kuhusu mikono yako siwezi kukuahidi kitu. Tezi hairudi kwenye mstari kwa siku mbili, na huenda ufagio ukaushika kwa muda. Mumeo awaeleze watoto kwamba ulikuwa unaumwa, kwamba hukuwachukia.

Limebaki la mama mdogo. Mumeo anasema mama huyo anashinda kwenye benchi nje ya wodi, haingii. Simu yake inaita, ni wateja wanaulizia mzigo mpya. Haipokei, wala haizimi. Mwite ndani. Hakukutakia kifo, na hilo unalijua. Mshike mkono, kisha umwambie azipokee simu hizo zote, awaambie wateja waache matone na waende wakapimwe. Akikataa, wapigie wewe.

Unaogopa kumkosa mama. Kuna mteja wake anayeyanywa matone hayo leo, naye ana watoto wanaomwita mama.