Sindano za Ijumaa

6 Februari

Kitindamimba wangu,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia hata kabla hujafungua bahasha. Hujambo? Viatu vya kazini bado vinakubana? Mimi sijambo, sijambo ya mtu anayechomwa sindano.

Nimeanza. Daktari wa ini ananichoma kila Ijumaa, na vidonge nameza asubuhi na jioni, karibu mwaka mzima. Alisema homa ya ini aina ya C inatibika ila dawa zake ni kali. Kali kiasi gani hakusema. Ijumaa jioni natetemeka chini ya mablanketi mawili, Jumamosi mifupa yote inauma, Jumapili chai ina ladha ya msumari. Jumatatu nakaa kwenye cherehani kushona sare za shule, na nywele zangu zinadondokea kitambaa. Mteja mmoja kaniuliza kama siku hizi nafuga paka.

Usiwe na wasiwasi. Ugonjwa huu umekaa kwangu miaka yote bila kupiga hodi. Sasa na utoke.

Mama yako

22 Februari

Mama yangu, shikamoo.

Umekula? Umelala? Jibu hayo kwanza. Mimi mzima, na wazee wangu wa hapa kazini wazima. Yule bibi wa chumba cha mwisho bado ananiita dada yake, nami naitika.

Nimemuuliza muuguzi mkuu wa nyumba hii ya wazee. Anasema homa na maumivu baada ya sindano ni kawaida, na kwa wengi hupungua. Kunywa maji, kula kidogo kidogo hata kama hutaki, na dawa ya kutuliza homa umeze ile tu aliyokubali daktari. Nywele zitaota tena. Lakini kuna jambo alilonisisitizia: dawa hizi huweza kumletea mtu hasira, au huzuni isiyo na kichwa wala miguu. Ikitokea, mwambie daktari siku hiyo hiyo. Usijikaze, mama. Nakujua.

Kitindamimba wako

28 Machi

Kitindamimba wangu,

Marahaba. Habari za huko? Za hapa zinachekesha na kuliza.

Yule mteja wa paka alirudi kulalamika kwamba kiuno cha sketi kinambana. Nikamwambia sketi haina kosa, kosa ni la kinachoingia ndani yake, nikaitupa barabarani na pini zake zote. Mimi! Mimi niliyekufundisha kwamba mteja hajibiwi hata akiwa mwongo. Kisha nikajifungia ndani nikalia mpaka mtandio ukalowa. Silali. Redio ya jirani ikicheka natamani kuivunja. Juzi nilishika mkasi nikakaa nao muda mrefu bila kitambaa mbele yangu, na sikumbuki nilikuwa nawaza nini.

Kwa daktari sisemi. Nikisema atanikatiza dawa, na nikikatizwa nitakuwa nimeteseka bure. Maji nimeshayavulia nguo. Nawe funga mdomo.

Mama yako

11 Aprili

Mama, shikamoo.

Najua utanuna. Nimemwandikia daktari wako, nikamweleza kila kitu, na mkasi pia. Afadhali uninunie ukiwa hai. Nimeomba likizo ya mwezi wa nane, wamekubali. Nitakuja nikupikie, nikuoshe nguo, unigombeze ana kwa ana mpaka uchoke.

Kitindamimba wako

3 Mei

Daktari ameniita. Barua yako ilikuwa mezani kwake. Amesimamisha sindano mpaka nitulie, kama mtoto mtukutu anayenyimwa kucheza.

Nani alikutuma? Huko unafuta midomo ya mama wa watu, ukimaliza unakaa chini kumshitaki wako. Basi na mimi nikwambie jambo ambalo sijawahi kukwambia. Siku ya kwanza daktari aliniuliza kama niliwahi kuongezewa damu. Mara moja tu, nikamjibu. Siku niliyokuzaa wewe. Damu ilitoka mpaka wakaniwekea ya mtu nisiyemjua, na kizazi wakakiondoa. Ugonjwa huu ni wewe uliyeniletea. Nilitaka watoto wanne. Nikapata wewe na ini bovu, nawe ulipokua ukapanda ndege.

Laiti siku ile wangeniuliza nichague, nisingekuchagua.

19 Julai

Kitindamimba wangu,

U mzima? Nimekuandikia mara mbili hujajibu, na kila siku napita posta kuuliza. Mimi naendelea vizuri, tena vizuri kweli. Ulikuwa na haki kumwambia daktari. Alinipa kidonge cha kutuliza akili, akasubiri, kisha sindano zikaendelea kwa kipimo kidogo. Sasa nalala. Redio ya jirani imekuwa redio tu. Yule mteja nimemshonea sketi nyingine kwa mkono wa radhi, kiuno chake hata mimi na wewe tungeingia pamoja.

Ile barua ya Mei ichome. Haikuandikwa na mimi, iliandikwa na dawa. Si unaona hata sikutia saini? Muuguzi wako mwenyewe alisema dawa huleta hasira. Mwezi wa nane umekaribia, kitanda chako nimekitandika.

Mama yako anayekupenda

8 Agosti

Mama, shikamoo.

Mimi mzima. Nashukuru Mungu kwamba unalala.

Sitakuja. Likizo nimempa mwenzangu.

Nilimuuliza tena muuguzi mkuu, bila kumwonyesha barua. Dawa huleta hasira, akasema, na mgonjwa asilaumiwe. Nikamuuliza, na maneno je, nayo huletwa na dawa? Akaniangalia, akasema maneno sijui. Mama, dawa haikuwepo chumba cha kujifungulia. Haijui kwamba ulitaka watoto wanne. Hata mimi nilikuwa sijui. Maisha yangu yote umeniita Kitindamimba kwa sauti ya kubembeleza, nami nikadhani ni jina la mapenzi.

Damu ile sikuichagua mimi. Nimejikuta namwambia yule bibi wa chumba cha mwisho samahani, naye kanishika mkono bila kujua ni ya nini.

Usiniombe radhi. Nataka jibu moja, tena si sasa. Maliza sindano zote. Subiri dawa itoke mwilini, uwe wewe mwenyewe, ndipo uniandikie: siku niliyozaliwa, ulifurahi? Ukiniandikia ndiyo, nakata tiketi siku hiyo hiyo.

Mwanao

25 Julai

Kitindamimba wangu,

Hujambo? Mwaka mzima umeniletea salamu za mistari miwili, nami nimekujibu miwili. Leo nina zaidi.

Sindano ya mwisho ilikuwa Januari. Juzi daktari kapima damu tena, virusi havionekani. Miezi sita bila dawa, kasema nimepona. Nilitaka kucheza pale pale, ila magoti bado ni ya mwaka jana.

Sasa swali lako. Niliandika ndiyo, nikafunga bahasha, nikabandika stempu. Kisha nikaifungua. Ulinisubirisha mpaka nisiwe na wa kumsingizia, basi pokea.

Siku ile sikufurahi. Walikuweka kifuani pangu nikageukia ukuta. Nilikuwa naumwa, na nilikuwa nimeshaambiwa kuhusu kizazi. Sikukutazama mpaka kesho yake. Furaha ilikuja baadaye, siku gani sijui. Nakumbuka nilikuwa nashona kazi ya haraka, wewe umelala chini ya meza juu ya vipande vya vitambaa, nikajikuta nakanyaga cherehani taratibu ili usiamke. Kazi ilichelewa, nikatukanwa, wala sikujali. Tangu hapo sijawahi kutaka mtoto mwingine zaidi yako.

Isome yote, mwanangu. Usiishie kwenye ukuta.

Chumba chako kipo.

Mama yako

30 Novemba

Kitindamimba wangu,

Natumaini u mzima, na kazi inakwenda, na miguu haiumi. Mimi ni mzima wa afya.

Labda barua yangu ya Julai haikufika. Niliipeleka posta mwenyewe, nikaiona ikipigwa muhuri, lakini barua hupotea. Nikipata nafasi nitaiandika upya. Nywele zimeota, nyingi nyeupe. Yule mteja wa paka sasa ni rafiki yangu, kaleta binti yake nimshonee gauni la harusi. Nilipokuwa nampima binti, mama yake akaniuliza wangu yuko wapi. Nikamwambia yuko safarini.

Ijumaa nilikwenda kwa daktari kuagana naye. Kaniambia ini linaendelea vizuri, akaniuliza kama nina lolote la kuuliza. Nikamuuliza kama kuna madhara yanayobaki hata dawa ikishaisha.

Akasema, "Kama yapi, mama?"

Nikamwambia hakuna, nikachukua mkoba wangu.

Mama yako