Mwenye Nyumba Anataka Nifute Fungate Yangu

Mpendwa mshauri wetu Bi Mauwa, shikamoo. Kabla ya yote nikuambie kwamba nimeolewa, na nina furaha ambayo sijui niieleze vipi, na shida nitakayokueleza isikufanye udhani sina furaha, maana ninayo, hata sasa ninapoandika mume wangu Azan yuko dukani kwao hapa hapa Temeke na mie nimeshamkumbuka ingawa alipita kunywa chai muda si mrefu. Naomba unisaidie haraka kwa sababu nimepewa mpaka Ijumaa.

Sie kwetu bibi harusi anakaa fungate, siku saba ndani na mume wake, hatoki, hashiki kazi, na anakuwepo somo wake, mwanamke mtu mzima wa kumpikia, kumsinga na kumwelekeza mambo ya ndoa. Somo wangu ni shangazi yangu Bi Reem, mjane, mtu wa heshima zake, amewafunda wanawali wengi hapa Temeke na hakuna hata mmoja aliyerudishwa kwao. Fungate ingefanyika nyumbani kwa kina Azan lakini nyumba ilikuwa imejaa wageni wa harusi, wengine wapo mpaka leo, basi Azan wangu akasema, “Mke wangu hatakaa fungate huku anagongewa mlango na watu wanaotafuta chaja.” Bi Mauwa, nilipomsikia anasema “mke wangu” nilikaa chini. Akaingia kwenye mtandao wa kupangisha nyumba, akapata apatimenti Madale, kilimani, ina bwawa la kuogelea na bahari inaonekana, akaweka oda ya watu wawili, kwa sababu bwana harusi na bibi harusi ni wawili. Haikutujia hata kidogo kwamba somo naye anahesabiwa.

Ile fungate sitaisahau. Tulipotoka, mtandao ukamletea Azan ujumbe unamuuliza ameionaje nyumba, akanipa simu akasema andika wewe, wewe ndiye unayejua maneno. Nikaona tumeulizwa vizuri, nikajibu vizuri. Nakunakilia nilivyoandika, ili usije ukaambiwa vingine:

“Nyota tano, zingekuwepo kumi ningetoa kumi. Nyumba hii ni pepo ya duniani. Maji ya bomba yalitoka siku ya kwanza tu, baada ya hapo mume wangu alikuwa anateremka kilima na ndoo kwenda kuomba kwa jirani, na mie sijawahi kubebewa maji na mwanaume, nililia. Umeme unakatika kila jioni, jenereta ipo lakini haina mafuta, tukala kwa mshumaa kama watu wa kwenye tamthilia. Kiyoyozi kinanguruma kama mashine ya kusaga, ukitaka kumwambia mwenzio neno lazima umsogelee sikioni, tulisogeleana sana. Bwawa lina maji ya mvua na vyura, wanaimba mpaka asubuhi, mume wangu akasema amewakodi kwa ajili ya harusi yetu. Bahari inaonekana ukipanda ngazi ya tenki, nilishikwa kiuno nisianguke. Chaga za kitanda zilivunjika, akaweka matofali, ana akili sana. Mlango wa bafuni haufungi lakini watu waliooana hawana cha kufichana. Tutarudi kila mwaka inshallah.”

Kesho yake mwenye nyumba akapiga simu. Anaitwa Felicitas, ni dada mtu mzima kiasi, ana sauti nzuri, akaniita mdogo wangu.

“Mdogo wangu, nakushukuru sana kwa nyota. Nyota ziache. Hayo maneno yatoe.”

“Kwani dada, kuna uongo hapo?”

“Hakuna. Ungekuwa uongo ningejua la kujibu.”

“Lakini mie nimekusifia.”

“Umenisifia mpaka familia ya Dodoma imeghairi. Wana watoto, wananiuliza hao vyura ni wa aina gani. Bora ungenipa nyota moja ukanyamaza.”

Nikamwambia dada samahani, siwezi kufuta. Bi Mauwa, naomba unielewe, Bi Reem alitukataza kabisa kupiga picha fungateni, alisema mambo ya ndani yabaki ndani, kwa hiyo hatuna hata picha moja, kilichobaki ni hayo maneno, Azan akienda dukani huwa nayasoma, na ni kitu cha kwanza nilichoandika tangu niitwe mke wa mtu. Tena kuna mama mmoja wa Lindi aliandika chini yake, “Asante mwanangu, umenisaidia.” Sijui nilimsaidia nini lakini nilifurahi.

Felicitas hakuchoka. Akawa anapiga asubuhi, anapiga mchana, akasema tukifuta atatupa tulale tena bure siku tunayotaka, nikamwambia nitafurahi sana kulala, ila kufuta hapana. Juzi akaja mwenyewe Temeke na doti ya khanga na keki, akaingia moja kwa moja kwa mama mkwe wangu Bi Jokha, akajitambulisha kuwa ndiye aliyetupokea fungate. Mama akamkaribisha chai, wakacheka, akamfungia na sambusa za kwenda nazo. Wakati wa kuagana Felicitas akanivuta jikoni.

“Mama mkwe wako mtu mzuri sana,” akasema. “Anasoma mambo ya kwenye simu?”

“Anasomewa na wajukuu.”

“Basi vizuri.”

Akanionyesha picha ya kamera ya getini kwake. Ni Azan anamshika mkono Bi Reem ashuke kwenye bajaji, kwa sababu Bi Reem anaumwa magoti, na mie nimesimama nyuma yao nimeshika kapu.

“Mliandika watu wawili,” akasema. “Na mimi nina haki ya kujibu chini ya maoni yenu. Nitaandika ukweli kama wewe ulivyoandika ukweli. Mgeni wangu Azan aliweka oda ya watu wawili, akaja na wanawake wawili, mmoja akalala naye chumbani, mwingine sebuleni. Na picha nitaweka.”

“Dada Felicitas, yule ni somo wangu!”

“Mimi najua. Nimeishi Dar miaka yote, nisijue fungate? Lakini wale wa mtandaoni watajua? Nakupa mpaka Ijumaa, mdogo wangu.”

Akanibusu shavuni, akachukua sambusa zake akaondoka. Jioni akanitumia ile picha kwenye simu, na neno moja tu, “Ijumaa”, na ua la waridi.

Nilipomwambia Azan alinishika mikono yote miwili, ana mikono ya moto sana, akasema, “Mke wangu, na mie alinipigia. Nimeshamwambia utafuta. Futa tu, yaishe, si mie na wewe tunajua wenyewe?” Alivyosema “mie na wewe” moyo ukayeyuka, lakini baadaye nilipokuwa naosha vyombo nikajiuliza mbona ameahidi kabla ya kuniuliza, halafu nikaona aibu kumfikiria hivyo mwanaume aliyenibebea ndoo. Akaunti ni yake na simu ni yake, angetaka angefuta mwenyewe. Hajafuta. Kila jioni ananiuliza kwa upole, “Umefuta?” Nasema bado. Tunakula.

Bi Reem sijamwambia. Hana kazi nyingine zaidi ya hii ya kufunda, na kuna familia zinamsubiri kwa mabinti zao, sasa akisomwa huko kwamba ni mwanamke wa pili aliyeletwa na mume wa mtu, nani tena atamkabidhi binti yake? Silali vizuri, ingawa nikiamka nikamwona Azan amelala nafurahi.

Nifute, au niache?

Bibi harusi mwenye furaha, Temeke

*

Marahaba bibi harusi, na hongera. Majina yote nimeyabadilisha mimi, maana wewe uliyaacha wazi, pamoja na namba ya nyumba ya Madale na rangi ya geti la mkweo. Umeshaona maneno yako yanafika wapi. Uanze kuwa na woga kidogo.

Nikupe habari ambayo naona hujapewa. Ulichoandika si sifa. Nilikisoma kwa sauti hapa ofisini, na mwenzangu mmoja anayetafuta mahali pa kuwapumzisha wazazi wake akaniuliza hiyo nyumba ni ipi, ili asikosee akaichukua. Hicho ndicho ulichomsaidia yule mama wa Lindi. Wewe ulikuwa unamsifia mumeo, ukabandika sifa zake kwenye geti la mtu mwingine. Kila neno mle ndani ni kweli isipokuwa zile nyota tano. Nyumba isiyo na maji haina nyota tano, mwanangu. Na angalia, huo uongo mmoja ndio peke yake Felicitas anaotaka ubaki.

Felicitas ana haki ya kukuomba. Ana haki ya kununa. Ana haki pia ya kukujibu chini ya maoni yako, na aseme bomba limetengenezwa na vyura wamehama. Hana haki ya kwenda kunywa chai kwa mkweo akiwa na picha ya shangazi yako kwenye mkoba. Amekwambia kwa mdomo wake kwamba anajua somo ni nani, kwa hiyo hajakosea, anakutisha. Ningekuwa yeye, siku niliyopoteza kwenda Temeke na keki ningeitumia kumtafuta fundi bomba.

Lakini na nyie mmekosea. Mliandika wawili mkaingia watatu. Somo ni mtu, analala, anaoga, anatumia hayo maji ambayo hayapo, na kwa mlango ulivyousimulia sitaki hata kufikiria alikuwa anaoga vipi. Kwenu hahesabiwi, lakini nyumba ya kupanga haijui desturi za kwenu, inahesabu vichwa. Mngemwambia mwenye nyumba mapema, leo asingekuwa na kitu cha kukushikia.

Sasa Azan. Nimesoma barua yako yote na kila anapokosea unamletea ile ndoo. Mume anaweza kukubebea maji na bado akakosea. Ameahidi kwa niaba yako jambo ambalo hakukuuliza, na swali lililokujia wakati unaosha vyombo lilikuwa swali sahihi, hukuwa na sababu ya kuona aibu. Ila nimeona na jingine, nalo namhesabia kwa wema: simu ni yake, kidole ni chake, na hajafuta. Huyo anasubiri umwambie hapana, na wewe hujawahi kumwambia hapana tangu uolewe. Mwambie leo. Mwambie kabla ya chakula, usingoje akushike mikono. Halafu yeye mwenyewe ampigie Felicitas, aseme, “Niliahidi bila kumuuliza mke wangu, ahadi naiondoa.” Hatakufa, na heshima yake kwako haitapungua.

Maoni usifute. Yarekebishe, mkiwa mmekaa wote wawili. Maji, umeme, bwawa, bahari ya kwenye tenki, yote yaache kama yalivyo. Kunong'onezana, kushikwa kiuno, matofali ya kitanda na huo mlango wa bafuni, toa. Wala usitoe kwa ajili ya Felicitas. Bi Reem alikufundisha kwamba mambo ya ndani yabaki ndani, na umemaliza tu fungate ukayatangaza kwa watu wa Dodoma. Ukitaka kuyakumbuka, mkumbushe Azan, yupo, anakuja kunywa chai. Nyota weka unazoona nyumba inastahili, ukijifanya umelala humo na dada yako badala ya mumeo. Kisha ongeza hivi mwishoni: “Tulikuwa na shangazi yangu, somo wangu wa fungate, aliyelala sebuleni. Tulikosea kutomwandika kwenye oda, tunaomba radhi.” Ukishaliandika hilo wewe mwenyewe, Felicitas hana tena cha kutangaza Ijumaa. Ile picha na ua lake la waridi usivifute. Wapelekee wenye mtandao na uwaeleze alichokuambia jikoni. Khanga, mwambie mama mkwe wako ukweli wa jinsi ilivyokuja, kabla hajaishonesha.

Yote hayo yanakuja baada ya jambo moja, ambalo ulipaswa kulifanya siku ile ile ya picha. Umemficha Bi Reem ukidhani unamlinda, na anayekaribia kuchafuliwa jina ni yeye kuliko wewe au Azan. Huna ruhusa ya kuamua peke yako kuhusu heshima ya mtu mzima. Nenda kwake leo, usimwandikie, kaa naye chini umsimulie kuanzia mwanzo, na picha umwonyeshe. Ukimaliza, nyamaza. Atakuomba namba ya Felicitas. Mpe.