Kanjia Yenye Haikukuwa ku Plan

Kavira, mujukuu wangu,

Huku Butembo tuko bazima. Kakao ya mujomba yako kule Beni imezaa muzuri, na mama yako anakusalimia sana.

Unaniuliza namna gani utauliza batu juu ya quartier yabo, ule mutaa banaishi, mbele ya ville, ni kusema muji, kupanga upya fasi za kujenga. Mimi pia nilifanya kazi ile, ku quartier ya Bungulu, kule Beni, wakati wa vita. Bureau ya ville ilinipa plan, ile ramani ya quartier, nikapita nyumba kwa nyumba nikiuliza: "Munataka nini?" Bote banajibu: "Kila kitu iko muzuri." Wakati ule mutu mwenye karatasi alikuwa anaogopesha.

Kwa Mama Masika, muzee mujane, nikaweka karatasi chini, nikamusaidia kutwanga sombe, majani ya muhogo. Njo akanionyesha kanjia katikati ya lupango mbili, viwanja vya majirani.

"Plan yenu itafunga hii."

"Inaenda wapi?"

"Mashambani. Masasi ya bunduki ikilia, batu banapitaka humu."

Nikaichora ku plan. Bureau ikaiacha wazi.

Donc, mupenzi, uliza kwanza batu banapitaka wapi. Miezi mbili kisha mimi kuchora ile kanjia, masasi ililia. Nilipita mule mbio, na mama yako, angali mutoto, ku mugongo.

Koko wako