Ua Usio na Mahali pa Moto

Jumatatu, 2 Septemba

Kazi ya kujenga ua kule Phakalane imekwenda. Kwa nani? Kwa watu wa Johannesburg! Mwenye nyumba amenieleza kwa upole kabisa. Wale jamaa walimwonyesha ua wake kwenye kompyuta, taa zinawaka, maji yanashuka ukutani, mkewe mwenyewe amekaa kando ya bwawa. Mimi nilimchorea mchangani kwa kijiti. Miaka yote hii kijiti kimetosha!

Hii ni ya pili tangu Julai. Ikiponyoka na ile ya yule mama, Mma Tshukudu, nafunga biashara. Vijana warudi kwao, lori niliuze. Nimemwambia mke wangu hivyo hivyo. Boitshepo hakujibu. Akinyamaza huyu, ujue ameshaamua jambo.

Jumanne, 3 Septemba

Nilijua! Kaniletea mbunifu. Wame, binti wa rafiki yake wa kanisani, kasomea Cape Town mambo ya kubuni bustani. Viatu vyeupe. Gaborone, na vumbi hili la Septemba!

Tumekwenda naye kwa Mma Tshukudu. Mjane, malori yake yanafika hadi Lusaka, na bintiye anaolewa Desemba. Anataka ua wa kupokelea wageni wa harusi — bwawa, jiko la nje, viti vya mawe. Kila nikimweleza ananijibu kwa heshima lile lile: Rra, maneno yako matamu, ila mimi sioni kitu.

Wame hakueleza. Aliuliza tu. Jua la jioni linapiga wapi? Wewe mwenyewe, Mma, ukichoka unapenda kukaa wapi? Mma akafunguka, akasema hata mambo ya marehemu mumewe. Mimi nimeshikishwa futi kamba. "Rra, shika hapo." Nikashika. Mimi!

Alhamisi, 5 Septemba

Wame kanionyesha kazi yake kwenye kompyuta. Nakubali, shingo upande: ni nzuri mno. Unatembea ndani ya ua ambao haupo. Hata kivuli cha mti wa morula kinaangukia pale pale kinapoangukia kweli.

Kisha nikaona. Nyuma ya nyumba kote ni nyasi na maua. Kidole changu kikasimama hapo. Moto wa kuni uko wapi? Jiko la gesi lipo, linang'aa kama la hospitali, lakini hii ni harusi! Wanaume watachemsha ng'ombe wapi? Wataponda nyama ya seswaa wapi? Kona hiyo nimewajengea watu wengi, wala sikuwahi kuichora. Nani asiyeijua?

Akaniuliza: "Rra, kuna kasoro?"

Nikasema, "Safi."

Kwa nini? Labda ni vile viatu. Nilitaka ajikwae kidogo mbele ya mteja, halafu mimi nimdake. Kidogo tu.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimeshika simu nimpigie Wame. Nimeiweka. Nimeishika tena. Sikupiga.

Jumamosi, 7 Septemba

Leo tumempelekea Mma picha.

Mma Tshukudu alipoona picha zile alipiga kigelegele. Kweli! Kabla hatujamaliza ameshaongeza ukuta wa maji na kivuli cha mbao mpaka kwenye geti. Mnaanza lini? Hilo swali nimelisubiri tangu Julai, na kijiti changu hakikulileta. Nikajisemea, nyamaza mzee, kazi ndiyo hii, moto tutauchomeka baadaye.

Lakini mjomba wa bibi harusi alikuwepo, Rra Kgosietsile, katoka Serowe kwa mambo ya mahari. Akavua kofia, akaisogelea kompyuta.

"Na wanaume?"

Wame akamwonyesha jiko la gesi.

"Nauliza, seswaa tutapondea wapi? Masufuria ya miguu mitatu tutayateleka humo bwawani?"

Tukacheka. Yeye hakucheka.

"Huyu mtoto kalelewa wapi, anachora ua wa Watswana bila moto?"

Wame akainamisha macho. Hapo ndipo nilipopanga kumdaka. Maneno yalikuwa tayari! Kabla sijayatoa, Mma akanigeukia: Rra, wewe umejenga nyua nusu ya mji huu, hukuona?

Nikasema imenipita.

Wame akanitazama. Alikumbuka kidole changu cha Alhamisi. Nina hakika alikumbuka! Lakini alichosema ni hiki: "Kosa ni langu, Mma. Heri limeonekana kwenye picha. Hakuna jiwe lililolazwa bado."

Mzee akarudisha kofia kichwani. Kweli, zege likishaganda halifutiki kama picha, akasema. Mma akafunga kompyuta kwa mkono wake mwenyewe. Jumatatu tulete ua wenye moto, sote wawili. Tusipoleta, anawaita wale wa Johannesburg.

Jumapili, 8 Septemba

Ujumbe wa Wame asubuhi: Moto ukae upande gani wa upepo? Na je, Alhamisi uliona?

Nimejibu la kwanza. Mashariki ya nyumba, moshi usiingie kwa wageni. Akaandika asante. Basi. Hakuuliza tena, na hilo ndilo linaloniuma.

Nimemwambia Boitshepo yote. "Mchimba kisima huingia mwenyewe," akasema, na chai hakunimiminia. Nenda kamwambie kwa mdomo wako, simu haina uso.

Niko nje ya geti la Wame, naandika kwenye usukani wa pikapu. Kijiti nimekuja nacho. Pa kuni, pa masufuria, njia ya wanaume kuingilia — hayo nitamchorea upesi, naye atayatia kwenye picha, na kazi tutaipata. Naamini kabisa. Ila nikianza na moto, lile jingine, kwamba niliona, sitalisema kamwe. Najijua.

Mlango umefunguka. Ametoka na kikombe cha chai. Viatu ni vile vile, vimekuwa vyekundu kwa vumbi la kwa Mma Tshukudu. Ameniona. Hakupunga mkono. Geti amelifungua, amesimama.

Nashuka na kijiti — hapana. Kijiti kibaki garini.