Majina Uliyotutajia, Mama Rosmira

Mwaka umetimia, Mama, tangu tulipokufumba macho hapa kwetu milimani Antioquia, na bado asubuhi tunajikuta tumemimina kahawa kikombe kimoja zaidi.

Ulikuwa na huruma, na mdomo pia ulikuwa nao. Ulikoka moto kabla jogoo hajawika, ukachoma arepa, mikate yetu ya mahindi, na mpita njia mwenye njaa hakuondoka mikono mitupu. Lakini sifa yako kubwa ilikuwa rozari ya marehemu. Walikuita hata kutoka ng'ambo ya mto, kwa sababu wafu wa kila ukoo uliwataja kwa kichwa bila kumruka mtu. Wa kwetu walikuwa wengi. Karibu wote walikwenda na ugonjwa uleule, kabla ya uzee.

Kisha jioni moja ukamruka baba yako mzazi. Binti yako Marleny alipokunong'oneza jina, ukamgeukia: "Eliécer ndiye nani?" Ulikuwa na miaka arobaini na mitano. Tulicheka, tukidhani ni utani wako wa kila siku.

Majirani walisema ni laana ya padri mmoja wa zamani juu ya ukoo wetu. Daktari aliyekuwa akiuchunguza ukoo wetu aliketi jikoni akasema hapana, ni urithi wa damu. Kuna protini ambayo mwili ungepaswa kuifagia; kwetu hubaki kichwani, ikaganda kama ukoko wa sufuria. Vibonge vyake vidogo ndivyo huanza kuziumiza chembe za ubongo, zikashindwa kupashana habari. Baadaye protini nyingine hujisokota ndani ya chembe zenyewe, njia za kupitishia chakula zikaharibika, na chembe zikafa. Na yote haya huanza miaka mingi kabla mtu hajasahau hata jina moja.

"Basi nikifa kichukueni hicho kichwa, mkausugue huo ukoko," ulimjibu. Tulitimiza. Ubongo wako ulipelekwa mjini kuchunguzwa, kabla ya mkesha.

Rozari akaishika Marleny. Damu yake walishaipima, ila alikataa kuambiwa majibu. Alisema akiyajua, kila akijitazama kwenye kioo atakuona wewe.

Juzi, katika rozari yako ya mwaka, aliwataja marehemu wote wa ukoo, kuanzia Eliécer hadi mtoto wa mwisho wa Saulo, akafanya ishara ya msalaba. Hakukutaja wewe. Mama mdogo Bertilda akamgusa bega.

"Mwanangu, na mama yako je?"

"Si nimeshamtaja?"

Tuliogopa, Mama, na tunaogopa mpaka sasa. Wageni walipoondoka, alimwomba kaka yake Albeiro aandike tangazo hili, na chini yake majina ya marehemu wote, alibandike ukutani pale Marleny anapokandia unga.

Wanaokukumbuka ni mumeo Gildardo, mdogo wako Bertilda, mwanao Albeiro, wajukuu zako, na Marleny, aliyetaka aandikwe hivi: leo anakukumbuka.

Daima utakumbukwa, Mama. Atakayeshindwa kati yetu, wenzake watamkumbukia.