Sahihi Ishirini na Mbili za Kosele

Migori, 12 Mei 2025

Mama mdogo mpendwa,

Habari za Kosele? Goti linaendeleaje na hii mvua? Mimi ni mzima, nakohoa kidogo tu. Nimeandika kwa sababu kwenye simu unaniuliza kama nimekula mpaka salio linaisha.

Kuna jambo. Tarehe tatu Juni tume inayopanga mishahara ya viongozi itakuja Homa Bay kusikiliza wananchi. Watu husema wawakilishi wadi, hao waheshimiwa wa bunge la kaunti, hujiongezea mshahara wenyewe. Sivyo. Tume ndiyo huamua wapate kiasi gani, na kabla ya kuamua ni lazima isikie maoni ya watu. Umoja wa wawakilishi ninaoufanyia kazi umeniagiza nitafute vikundi vya kuhudhuria, nami nimefikiria akina mama wa kikundi unachokiongoza. Gari litawachukua, chakula cha mchana kipo. Mtasema yenu, kisha mtaweka sahihi.

Mwanao,
Maroa

Kosele, 20 Mei 2025

Mwanangu Maroa,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Goti lipo tu, siku za baridi linanikumbusha umri. Hicho kikohozi usikiache, chemsha tangawizi.

Kwenye kikao chetu cha Alhamisi niliwasomea akina mama barua yako. Nyamusi, yule anayeuza ndizi karibu na kinu, akauliza: kama wananchi wanaweza kusema mheshimiwa alipwe nini, je, wanaweza pia kusema mwalimu wa chekechea alipwe nini? Nikamwambia nadhani ndiyo. Unajua Bonareri, mwalimu wetu wa chekechea, alituacha mwezi wa pili. Alisema ule mshahara wa kaunti haumtoshi hata kodi ya nyumba, sasa anashona nguo sokoni Oyugis. Watoto arobaini tunawashika kwa zamu, leo Marcella, kesho mimi na goti langu.

Basi tunakuja, tuko ishirini na wawili. Marcella atasema kwa niaba yetu. Amefanya mazoezi mpaka mume wake analalamika.

Mama yako mdogo,
Jedidah

Migori, 9 Juni 2025

Mama mdogo,

Natumaini mlifika salama na hamjambo nyote. Mwambie Marcella asivunjike moyo. Orodha ya wasemaji ilikuwa ndefu na muda uliisha, hata wengine hawakusema. Sahihi zenu zimepokelewa, hilo ndilo muhimu.

Nina habari njema. Mheshimiwa Zadock, mwenyekiti wetu, amenipa mkataba wa miaka miwili. Sasa mimi ni katibu kamili.

Mwanao,
Maroa

Kosele, 2 Julai 2025

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta na afya. Sisi tunapumua.

Jumanne redio ilisoma majina ya waliotoa maoni mbele ya tume. Ikasema kikundi cha akina mama wa Kosele kinaomba wawakilishi wadi waongezewe mshahara na marupurupu ya vikao. Nilikuwa sokoni. Mwenye duka akaongeza sauti, watu wakageuka kunitazama.

Sasa Nyamusi akienda kununua nyama, muuzaji anamwambia akaombe kwa waheshimiwa wake. Marcella hasemi na mtu. Kanisani wameniomba nipumzike kidogo kazi ya ushemasi mpaka mambo yatulie.

Ile karatasi tuliyowekea sahihi ilisema nini, Maroa? Nijibu ili niwe na cha kuwaambia.

Mama yako mdogo,
Jedidah

Kosele, 28 Julai 2025

Maroa,

Uko salama? Simu yako haipatikani. Barua yangu hukuijibu. Akina mama wanauliza kila Alhamisi, na kila Alhamisi nasema bado.

Jedidah

Osiri, 17 Agosti 2025

Mama mdogo,

Sina uso wa kukuuliza hali, lakini nauliza. Je, unalala? Goti?

Barua zako zote mbili nilizipata. Nilizibeba mfukoni hadi zikachakaa.

Ile karatasi niliiandika mimi. Ilisema yale yale uliyoyasikia redioni. Mheshimiwa Zadock alisema tume haiwezi kuwasikiliza waheshimiwa wakijiombea, inataka sauti ya mwananchi wa kawaida, na asiyeleta sauti hizo hana mkataba. Jina la Marcella nililiweka mwisho wa orodha makusudi, nikijua muda utaisha. Nilijua mtaweka sahihi kwa sababu mnaniamini. Hiyo ndiyo sehemu inayonikosesha usingizi.

Wiki mbili zilizopita niliiandikia tume nikawaambia maneno yale ni yangu, si yenu. Wamejibu kwamba wameyaondoa kwenye kumbukumbu zao. Halafu nikaenda kwa Mheshimiwa na nakala ya barua hiyo. Hakugomba. Aliisoma, akaikunja, akaniambia niache funguo mezani.

Sasa niko huku machimboni, nasaga mawe ya dhahabu na kina Ogeto, wachimbaji wa hapa. Jumapili tarehe thelathini na moja nitakuja Kosele. Nitasimama mbele ya akina mama niseme kwamba nilikudanganya wewe kwanza, wao baadaye.

Mwanao, kama bado unakubali,
Maroa

Kosele, 25 Agosti 2025

Mwanangu Maroa,

Silali vizuri, lakini nala, na goti linanibeba. Hilo vumbi la mawe lisikurudishie kikohozi, funga kitambaa puani.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema ulinidanganya. Hukunidanganya. Nimefundisha watoto kusoma miaka thelathini na moja, ningewekaje sahihi bila kusoma?

Niliusoma mstari wa kwanza pale pale mezani, nikaelewa. Nikainua macho nikakuona umesimama kando ya mlango, unafuta jasho, unaangalia chini. Nikajua kazi yako iko kwenye ile karatasi. Baba yako aliponioa na kukuleta kutoka Kegonga ulikuwa hujui neno moja la Kijaluo, na mimi sikujua Kikuria, tukaanza kuongea kwa Kiswahili. Mwaka mzima uliniita "wewe" kabla ya kuniita mama. Niliogopa nikikataa mbele za watu, nitakuwa tena "wewe".

Nyamusi alikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Akaniuliza, "Mwalimu, imeandikwa nini?"

Nikamwambia, "Mambo ya watoto wetu."

Basi akaweka dole gumba, na wengine wote wakamfuata.

Zile barua mbili nilizokuandikia zilikuwa na uongo kuliko karatasi yako. Nilikuuliza kitu nilichokijua. Nilitaka ukiri wewe peke yako, mimi nibaki msafi.

Alhamisi nimewaambia. Sikungoja uje. Marcella alilia. Nyamusi hakulia, alisema taratibu, "Mwalimu, karatasi zetu zote tulikuwa tunakuletea wewe. Hata za hospitali." Kisha akaondoka.

Wamenitoa kwenye uenyekiti, sasa ni Marcella. Jana Bonareri alikuja kutoka Oyugis, wakamkalisha katikati akawaandikia barua ya kupeleka kwa tume na kwa kaunti, kuhusu mshahara wa walimu wa chekechea. Aliisoma kwa sauti mara mbili kabla mtu hajashika kalamu. Mimi sikuombwa kuandika wala kusoma. Walipomaliza wote, Nyamusi alinisukumia karatasi bila kunitazama, nikaweka sahihi yangu chini kabisa.

Njoo Jumapili hata hivyo. Wana maswali yao kwako, na ni haki yao. Nitakaa benchi moja na wewe.

Mama yako,
Jedidah