Bango Mbele ya Nyumba Yetu

Fresno, Jumapili

Shangazi Graciela mpendwa,

Shikamoo. Mlimau uliotupandia umezaa sana. Mama amekonda kwa kwenda nyumba hadi nyumba akiomba kura. Anagombea kiti kwenye bodi ya chuo chetu cha wilaya. Majirani wengi wameweka bango lake mbele ya nyumba. Kwetu Baba alikataa, tena mbele ya wageni waliokuja kula tamale.

"We Ofelia, chuo hichohicho ulikiacha kwa mimba, leo unataka ukisimamie? Kazini watanicheka mpaka Krismasi!"

Wageni wakaangua kicheko. Mama akaendelea kuwamiminia kahawa. Mimi niliinamia sahani yangu, Shangazi, maana mimba ile ni mimi.

Jana nilichomeka bango mwenyewe. Baba alitoka na mashine ya kukata nyasi, akalisoma, akanitazama nilipokuwa dirishani. Nilitamani ardhi inimeze. Kisha akakata nyasi zote, akilizunguka.

Tafadhali mpigie Baba simu, wewe ni dada yake. Uchaguzi ni Jumanne, na Mama ameomba kura kila mlango isipokuwa wa chumbani kwao.

Mwanao akupendaye,
Yadira